Adabu ya Mtazamaji: Mashindano ya Baisikeli na Watu wa Kando ya Barabara

 Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za mashindano ya baisikeli. Lakini sitasema sana juu ya wale wanaopanda baisikeli. Nitasema juu ya wale wanaosimama kando ya barabara na kuwatazama. Labda mtauliza, "Mtazamaji ana habari gani? Yeye si amesimama tu?" Ngojeni kidogo, nanyi mtaona ya kuwa katika mchezo huu mtazamaji aweza kumharibia mtu kazi ya mwaka mzima kwa mkono mmoja, na pengine asijue kama amefanya hivyo.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi mchezo wenyewe ulivyo. Mpira wa miguu huchezwa kiwanjani, na kiwanja kina mipaka yake. Mara nyingi kina ukuta na mlango, na mtu hutoa fedha apate kuingia. Mashindano makubwa ya baisikeli hayana mlango. Hupita katika barabara ile ile wanayopita wakulima na magari ya mizigo, kijiji kwa kijiji na mlima kwa mlima. Mtazamaji hatoi hata senti moja. Hutoa kiti chake nje, hukaa mbele ya nyumba yake, na mashindano humjia.

Yaliyo makubwa kupita yote huitwa Tour de France, maana yake mzunguko wa nchi ya Ufaransa. Yalianzishwa mwaka 1903 na gazeti lililoitwa L'Auto, na mkuu wake alikuwa bwana mmoja jina lake Henri Desgrange. Siku hizi huchukua majuma matatu, na safari yote hupita kilomita 3,000. Kila siku ina mwendo wake, kama misafara ya zamani ilivyokuwa na vituo vyake. Saa za kila mpandaji huandikwa na kujumlishwa siku kwa siku, na yule ambaye jumla yake ni ndogo kuliko za wenzake wote huvaa fulana ya rangi ya manjano. Desturi hiyo ya fulana ilianza mwaka 1919.

Sasa niambieni, nani awezaye kujenga ukuta wa kilomita 3,000? Waandalizi huweka vizuizi vya chuma karibu na mwisho wa mwendo wa siku, na polisi husimama penye njia panda. Mahali pengine pote, kwa kilomita nyingi, hapana kitu kinachomtenga mpandaji na mtazamaji ila adabu ya huyo mtazamaji.

Tena fahamuni jambo hili. Wapandaji hawaendi mmoja mmoja. Huenda katika kundi kubwa, pengine watu mia na zaidi, kwa sababu aliye nyuma ya mwenzake hukingwa na upepo na kupunguziwa kazi. Ndiyo maana gurudumu la mbele la huyu hukaribia gurudumu la nyuma la yule, pengine kwa kadiri ya shibiri moja. Penye tambarare hupita kilomita 40 kwa saa, na penye mteremko mkali hupita 80. Basi akianguka mmoja aliye mbele, walio nyuma hawana pa kukimbilia.

Lakini penye mlima mambo hugeuka. Mwendo hupungua, hata mtu mwenye miguu mizuri aweza kukimbia sambamba na mshindani kwa hatua kadha. Hapo ndipo watu hupenda kukusanyika, maana humwona mpandaji uso kwa uso na kusikia pumzi yake. Na hapo ndipo majaribu yalipo, kwa kuwa mshindani aliyechoka yuko mahali ambapo mkono wa kila mtu waweza kumfikia.

Kila nchi ina desturi yake ya kutazama. Katika Ubelgiji, upande wa Flanders, mashindano yao makubwa yalianza mwaka 1913, nayo hufanywa mwanzo wa majira ya kuchipua, pengine katika baridi na mvua. Njia hupanda vilima vifupi vyenye ukali, vilivyotandikwa mawe. Watu wa huko hubeba bendera za manjano zenye picha ya simba mweusi, hunywa bia, na wazee hujua habari za wapandaji kama mtu ajuavyo nasaba ya jirani yake. Wapandaji wenye jina huwa na vyama vya washangiliaji wao, vya watu wa kwao, wanaokutana na kwenda kuwatazama pamoja. Kwa watu wa Flanders siku hiyo ni sikukuu, wala hapana haja ya kuwaeleza maana yake.

Waholanzi, ambao nchi yao ni tambarare tupu, wamekwenda kujitafutia mlima katika Ufaransa. Uko mlima uitwao Alpe d'Huez, ambao barabara yake ina kona 21, na kona ya saba wameifanya kama kwao. Hufika siku nyingi mbele, hupiga kambi, huvaa rangi ya machungwa iliyo rangi ya ukoo wa wafalme wao, na huimba mchana na usiku. Asili yake ni hii: kati ya mwaka 1976 na 1989 wapandaji wa Uholanzi walishinda mara nane juu ya mlima huo. Na katika miaka hiyo padri wa kanisa la kule juu alikuwa Mholanzi pia, naye kila aliposhinda mtu wa kwao alipiga kengele za kanisa.

Wabaski, wanaokaa pande mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, wanasifiwa kwa jambo jingine. Wao humshangilia kila apitaye, mtu wao au mgeni, wa kwanza au wa mwisho. Na Waitalia huwaita washangiliaji kwa neno tifosi, ambalo limetokana na jina la ugonjwa, yaani homa kali impatayo mtu hata akaweweseka. Naona wametumia neno lililo sawa, kwa maana mapenzi ya mchezo ni kama homa. Na homa hiyo, nikitazama habari za miaka zaidi ya mia iliyopita, naiona ina namna tatu.

Namna ya kwanza ni chuki juu ya mshindani wa mtu umpendaye. Mwaka 1904, mwaka wa pili tu wa Tour de France, wapandaji walikuwa wakipanda mlima karibu na mji wa Saint-Étienne wakati wa usiku. Aliyetangulia alikuwa Antoine Faure, mtu wa pande zile. Alipokwisha pita, watu wa kwao waliifunga njia, wakawapiga waliomfuata, miongoni mwao Maurice Garin aliyeshinda mwaka uliotangulia. Giovanni Gerbi, Mwitalia, aliumizwa vibaya. Waandalizi walilazimika kupiga bastola hewani ili watu watawanyike. Baadaye karibu na Nîmes zilitokea ghasia nyingine, na misumari ilitupwa njiani. Mashindano yalipokwisha, Desgrange aliandika katika gazeti lake kwa huzuni ya kuwa mashindano yake yamekufa, nayo yameuawa na kufaulu kwake yenyewe. Alikuwa amewapa watu kitu cha kupenda, nao wakakipenda hata wakakaribia kukivunja. Hatimaye wapandaji wanne wa kwanza walifutwa kwa udanganyifu, na ushindi akapewa kijana wa miaka 19, Henri Cornet.

Msidhani kuwa hayo yalikwisha. Mwaka 1950 Gino Bartali wa Italia, aliyekuwa ameshinda Tour de France mwaka 1938 na tena 1948, alianguka pamoja na Jean Robic wa Ufaransa juu ya mlima wa Aspin. Watu waliokuwa pale walidhani kuwa yeye ndiye aliyemwangusha mwenzao, wakamrukia na kumpiga. Bartali alijinasua, akapanda tena baisikeli yake, akashinda mwendo wa siku hiyo. Lakini jioni alisema hataendelea, na Waitalia wote wakajitoa pamoja naye. Mmoja wao, Fiorenzo Magni, ndiye aliyekuwa amepata fulana ya manjano siku hiyo hiyo. Fikirini: mtu amefika kileleni pa tamaa yake, na kesho yake anarudi kwao mikono mitupu kwa sababu ya ngumi za watu asiowajua. Ushindi wa mwaka ule ulimwendea Ferdi Kübler wa Uswisi.

Mwaka 1975 Eddy Merckx wa Ubelgiji, aliyekuwa amekwisha shinda mara tano, alikuwa akipanda mlima wa Puy de Dôme amevaa fulana ya manjano. Karibu na mwisho, mtu mmoja alitoka kando ya njia akampiga ngumi ya ubavuni. Merckx alifika juu amejishika mahali palipoumia. Siku chache baadaye alipoteza fulana, na mashindano yakashindwa na Bernard Thévenet, Mfaransa. Yule mpiga ngumi alipelekwa barazani akahukumiwa, na Merckx akadai fidia ya faranga moja tu. Hakutaka fedha; alitaka ijulikane ya kuwa ni kosa. Hata mwaka 2025, katika mashindano ya Paris–Roubaix, mtazamaji alimtupia Mathieu van der Poel chupa ya maji usoni wakati alipokuwa peke yake mbele ya wote. Aliponea chupuchupu, akashinda.

Namna ya pili ya homa hiyo haitokani na chuki. Inatokana na mapenzi yasiyo na kiasi, nayo ni hatari zaidi kwa sababu mwenye nayo hujiona mwema. Mwaka 1948, katika mashindano ya kuizunguka Italia, washangiliaji wa huyo huyo Fiorenzo Magni walijipanga juu ya mlima mrefu wa Pordoi wakawa wakimsukuma, huyu akimpokeza yule. Waamuzi walimwongezea dakika mbili kuwa adhabu. Fausto Coppi, bingwa mkubwa wa siku zile, aliona adhabu hiyo ni ndogo mno, akajitoa pamoja na wenzake. Magni alishinda kwa tofauti ya sekunde 11, lakini alipofika Milan alipigiwa miluzi ya dharau. Je, wale waliomsukuma walimsaidia? Walimpa ushindi wakamnyima heshima yake. Na Magni alikuwa mpandaji hodari kweli kweli, aliyeshinda mashindano hayo tena mara mbili baadaye. Walakini watu hawakusahau mikono ile mgongoni mwake.

Mfano mwingine wa namna hii unamhusu mtu aliyezaliwa Nairobi, katika Kenya, mwaka 1985, jina lake Chris Froome. Mwaka 2016, tarehe 14 Julai, alikuwa na fulana ya manjano akipanda mlima wa Ventoux. Upepo ulikuwa mkali sana kule kileleni, basi waandalizi walikuwa wameushusha mwisho wa safari chini kilomita sita. Watu waliotaka kutawanyika mlima mzima wakajazana mahali pamoja, wakaibana barabara hata ikawa kama ushoroba. Pikipiki iliyotangulia ilikwama katikati yao ikasimama ghafula. Richie Porte wa Australia akaigonga, na Froome akaanguka juu yake. Baisikeli yake ikavunjika, na gari lenye baisikeli nyingine halikuweza kupenya. Basi dunia nzima iliona jambo la ajabu: mwenye fulana ya manjano anakimbia kwa miguu kupanda mlima, hana baisikeli. Waamuzi baadaye walimpa saa zake kwa haki, akaishinda safari yote. Hapana hata mmoja katika umati ule aliyekusudia kumwangusha. Kila mtu alisogea hatua moja tu mbele apate kuona vizuri. Wahenga walisema, penye wengi pana mengi. Na hatua moja ya kila mtu, ikijumlishwa na za wenzake elfu, ni ukuta.

Namna ya tatu ni kutaka kuonekana. Hii imezidi tangu watu walipoanza kubeba kamera, na sasa kila mtu ana simu yenye kamera mfukoni. Mwaka 1999 Giuseppe Guerini wa Italia alikuwa peke yake mbele, karibu kabisa na mwisho juu ya Alpe d'Huez, kijana mmoja aliposimama katikati ya njia ampige picha. Kijana yule alimtazama ndani ya kamera, asijue jinsi alivyokaribia, wakagongana. Guerini aliinuka akashinda, na kijana alipokwenda kumwomba radhi alimsamehe. Mwaka 2018, juu ya mlima huo huo, Vincenzo Nibali, naye Mwitalia, hakuwa na bahati kama hiyo. Ukanda wa kamera ya mtazamaji ulinasa katika baisikeli yake, akaanguka, akavunjika mfupa wa uti wa mgongo. Alimaliza mwendo wa siku ile, lakini ndio uliokuwa mwisho wa safari yake katika Tour de France ya mwaka huo.

Na mwaka 2021, siku ya kwanza kabisa ya Tour de France, mwanamke mmoja alisimama barabarani huko Bretagne ameshika kipande cha karatasi ngumu chenye maandishi ya kuwasalimu babu na bibi yake. Aliielekeza karatasi ile kwenye kamera za televisheni, na mgongo wake aliwapa wapandaji. Tony Martin wa Ujerumani, aliyekuwa mbele ya kundi, aliigonga karatasi, akaanguka, na kwa jinsi nilivyowaeleza habari ya magurudumu yaliyokaribiana, makumi ya watu wakaanguka juu yake. Mwingine, Jasha Sütterlin, aliumia hata akaacha mashindano siku hiyo hiyo. Mwanamke yule alishitakiwa katika mji wa Brest, na mwezi wa Desemba akatozwa faini ya euro 1,200. Nani atasema kuwasalimu wazee ni jambo baya? Ni jambo jema. Lakini alilifanya jema hilo mahali pasipokuwa pake, na akawapa mgongo wageni waliokuwa wakimjia mbio.

Hapo, nduguzangu, nimelitamka neno ambalo naona ndilo kiini cha mazungumzo yetu: wageni. Katika kiwanja cha mpira mtazamaji ni mgeni, maana kiwanja si chake, naye ameingia kwa tikiti. Katika mashindano ya barabarani mtazamaji ndiye mwenyeji. Barabara ni ya kijiji chake, jiwe alilokalia ni la kwao, na wapandaji ni wasafiri wanaopita mlangoni pake. Sisi tunajua heshima ya msafiri apitaye mlangoni. Hatumwulizi kwanza kabila lake ndipo tumpe maji, wala hatuwezi kumpiga kwa sababu ni hasimu wa rafiki yetu. Na mwenyeji aliye mwungwana hamsumbui mgeni kwa kumng'ang'ania. Humpa nafasi apite salama.

Lakini kama barabara ni ya wenyeji, je, hawana haki ya kuifunga? Swali hili si la mzaha. Mwaka 1982 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma katika mji wa Denain, Ufaransa ya kaskazini, waliokuwa wakihofia kupoteza kazi zao, waliizuia njia, na mashindano ya siku ile yakafutwa. Mwaka 2025, katika mashindano ya kuizunguka Hispania, watu wengi walioipinga timu yenye jina la Israel kwa sababu ya vita vya Gaza waliingia njiani mara kadha. Huko Bilbao siku moja ilikwisha bila mshindi, na mwendo wa mwisho wa kuingia Madrid, tarehe 14 Septemba, ulivunjika kabisa. Juu ya madai ya watu hao sitatoa hukumu. Kila mmoja wenu ana akili zake. Natia neno moja tu. Mwenye madai ana njia ya kujulisha madai yake pasipo kumtia hatarini mtu aliyeinama juu ya baisikeli, asiyeweza kusimama wala kujikinga. Bendera iliyoinuliwa kando ya njia husomwa na dunia nzima. Bendera hiyo hiyo ikiwekwa mbele ya gurudumu yaweza kuvunja shingo ya mtu.

Sasa natuje katika bara letu. Eritrea ilifundishwa mchezo huu na Waitalia walioitawala, lakini wenyeji waliupenda hata ukawa mali yao. Mashindano ya kuizunguka nchi hiyo yalifanywa mara ya kwanza mwaka 1946. Mwaka 2024 Biniam Girmay, mtu wa Eritrea, alishinda miendo mitatu katika Tour de France, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mwendo wowote katika mashindano hayo, akatwaa na fulana ya kijani. Waeritrea wanaoishi Ulaya wamekuwa wakisimama kando ya barabara za huko na bendera zao, nao sasa wanajulikana kama Waholanzi wajulikanavyo kwa rangi ya machungwa.

Na jirani zetu wa Rwanda wamefanya jambo ambalo halijapata kufanywa Afrika. Tangu tarehe 21 mpaka 28 Septemba mwaka 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani yalifanywa katika mji wa Kigali. Shule za mji zilifungwa kwa siku hizo. Watu wakajipanga kando ya barabara, safu nyuma ya safu, wazee kwa watoto, wakipiga makofi na vigelegele. Siku ya mwisho wanaume walikwenda kilomita 267.5 katika vilima vile. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Walioanza walizidi 160, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Ndivyo milima ya Rwanda ilivyowapepeta wapandaji hodari wa dunia. Watu wa Rwanda wanaijua baisikeli kwa kazi, maana kila siku wanaona vijana wakipakia viazi, ndizi, na abiria, wakisukuma penye mwinuko. Mtu ajuaye uzito wa mlima kwa miguu yake mwenyewe hahitaji kufundishwa kumheshimu anayeupanda.

Basi, wasikilizaji, yako mafunzo ambayo kila mtu aweza kuyashika, hata kama mashindano hayo hayajapita kijijini kwake bado. Siku yatakapopita, au siku watoto wa shule watakaposhindana mbio katika barabara yenu, kumbukeni haya.

La kwanza, simameni nje ya barabara, na mkono usinyooshwe ndani yake. Umbali uonao kuwa unatosha wakati barabara ni tupu, hautoshi kundi lijapo.

La pili, usimpe mgongo anayekuja. Picha utaipata akiisha pita. Mguu wa mtu ukivunjika, picha haitauunga.

La tatu, mshike mtoto mkono, na mfunge mbwa. Msicheke. Mwaka 2007 Marcus Burghardt wa Ujerumani aligonga mbwa katikati ya barabara, gurudumu lake likakunjika. Na vijijini kwetu wako mbuzi na kuku, ambao hawajui siku ya mashindano.

La nne, usimsukume umpendaye, wala usimzuie usiyempenda. Ushindi wa kusukumwa ni deni, na mwenye kulilipa ni yule yule uliyetaka kumsaidia.

La tano, usiondoke kabla hajapita wa mwisho. Hili naliweka baada ya mengine yote kwa kusudi. Wafaransa humwita mpandaji wa mwisho taa nyekundu, kwa mfano wa ile taa iliyofungwa nyuma ya behewa la mwisho la garimoshi. Naye hupigiwa makofi. Huyo amepanda milima ile ile aliyopanda mwenye fulana ya manjano, juani au katika mvua ile ile, na pengine ametumia saa nyingi zaidi kwa mateso makubwa zaidi, wala hana zawadi anayoitazamia. Kumshangilia wa kwanza ni rahisi. Kila mtu aweza. Mtazamaji aliyefundishika vizuri hujulikana kwa yule anayemngojea baada ya wengine kwenda zao.

Walimu wenzangu, naona hapa pana kazi yetu pia. Tunawafundisha watoto kukimbia, kuruka, na kucheza mpira, na hayo ni mema. Lakini katika kila mashindano wanaocheza ni wachache na wanaotazama ni wengi. Kama tukiwafundisha wachache kushinda, tusiwafundishe wengi kutazama, tumeifanya sehemu ndogo ya kazi tukaiacha iliyo kubwa. Hapana serikali yenye polisi wa kutosha kusimama mbele ya kila nyumba katika kilomita 3,000. Siku wenyeji watakaposhindwa kujilinda wenyewe, waandalizi watajenga ua, na ua huzaa mlango, na mlango huzaa tikiti. Hapo mtoto wa maskini, ambaye leo humwona bingwa wa dunia akipita mbele ya mlango wa mama yake bila kutoa chochote, ataambiwa arudi nyumbani.

Barabara haina mlango kwa sababu watu wameaminiwa. Na tuwe watu wa kuaminiwa.